Masanduku Matano Niliyoyaziba kwa Pamba

Pasiansi, Mwanza

Baba yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama bado anakukatalia kuingia majini asubuhi? Mimi mwili ni mzima. Ningepiga simu, lakini najua ningelia, nawe hupendi mtu mzima alie kwenye simu.

Zile kompyuta za shule ya hapo kijijini hazitakuja, baba. Afadhali nitangulize hilo.

Unakumbuka nilivyokusimulia: prosesa ya simu, kile kipande kidogo kinachofanya kazi zote, inakula umeme kiduchu wala haihitaji feni. Kompyuta kubwa za mezani zingemaliza betri ya sola ya shule kabla kipindi cha kwanza hakijaisha. Zangu tano zingeshinda kutwa. Miaka miwili kwenye kibanda changu cha ufundi simu kule Kirumba nimekusanya simu zilizopasuka vioo, za aina moja tu, nikitoa bodi zake na kuziunganisha na skrini kuukuu. Zikawaka. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu kama chizi.

Basi nikataka kuonyesha kuwa mimi ni mtoto wa fundi mitumbwi. Vile vidudu vya ziwani vikiinuka huingia kila penye mwanga, na huko kwetu ni vilevile. Nikatengeneza masanduku ya mbao, nikaziba kila ufa kwa pamba na lami, kama ulivyonifundisha. Hata sisimizi asingepita. Niliringa, baba!

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja mjini kuziona. Tukaziwasha zote asubuhi. Kufika saa sita herufi zikawa zinachelewa kutokea, kisha skrini moja ikazima, ikafuata nyingine. Nilipobandua kifuniko, lami ilikuwa imeyeyukia kwenye bodi. Prosesa ile haihitaji feni, ni kweli, lakini hewa inahitaji, na mimi niliinyima. Zote tano zimeungua.

"Sikulaumu, Magesa," mwalimu akasema. "Ila wazazi wamesubiri sana. Chumba tulichotenga kwa kompyuta kinarudi kuwa stoo ya mahindi."

"Nivumilie hadi mwakani, mwalimu."

"Hata mwaka jana uliniambia hivyohivyo."

Kinachoniuma ni kwamba wazo lilikuwa sahihi. Kuna mtu atalifanikisha, kwa watoto wa kwingine. Mimi bodi za aina ile sizipati tena, na moyo wa kuanza upya sina. Nawe usijilaumu kwa ile pamba. Kazi yake ni mtumbwini, mimi ndiye niliyeipeleka isikotakiwa.

Nisalimie mama, na shangazi muuza dagaa, na dada anayeongoza kwaya. Wasiniulize nitarudi lini.

Mama aliniambia umeshamaliza meza nne za kuwekea kompyuta hizo, na ya tano umeianza, na goti lako hilohilo. Iache, baba. Nakuomba uiache.

Mwanao,
Magesa