Aliyelifuta Jina la Bi Kazija

Wawi, Chake Chake,
Pemba.
Ijumaa, 21 Julai 2017

Mpendwa Dada Moza,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, weye, shemegi na watoto, na kwamba joto la mji wenu wa Suhari limepungua angalau mkaweza kutoka nje mchana. Goti lako je? Mama anauliza kila siku kama umekwenda kwa daktari au unajipaka mafuta tu kama kawaida yako. Sisi hatujambo. Presha ya Mama imetulia, muhogo mwaka huu umekubali, na yule paka wako mzee bado yuhai ingawa kabakiwa na jicho moja.

Usishangae kupata barua ya karatasi. Rumaitha, jirani yetu, anakuja huko kwa mumewe, nami nimemwomba akubebee. Jambo hili sikutaka kulitia kwenye simu. Kwenye kundi la ukoo neno likiingia asubuhi, adhuhuri limeshafika Dubai na sura nyengine. Nimeandika na kuchana mara tatu. Hii ya nne naiandika nikisimama na kukaa, nikisimama na kukaa, mpaka Mama kaniuliza kama nimekalia siafu.

Ni habari ya Bi Kazija, aliyetufundisha Kurani chuoni. Unajua kwamba tangu mumewe afariki hana analolitaka duniani ila kwenda hija. Mwaka huu jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya mahujaji inayoandaliwa na ofisi yetu. Basi Ijumaa ya tarehe 7, orodha iliporudi kutoka Unguja kwa ajili ya viza, jina lake halimo. Nafasi yake kapewa mtu mwengine aliyekuwa akingoja.

Hapo ndipo pakawaka moto. Aliyemwandikisha Bi Kazija ni Matano, karani mwenzangu, mtu wa Konde. Na Matano ni wa chama kile, na nyumba ya Bi Kazija ni ya chama hiki. Weye uliondoka kabla ya uchaguzi wa marudio, hujui tulivyo sasa. Watu hawaalikani harusini. Mtu anakufa, anazikwa na nusu ya mtaa. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza jina limetokaje. Walishajua.

Nyange, mwanawe Bi Kazija, alikuja ofisini akasimama mbele ya meza ya Matano. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mama yangu kakukosea nini?" akamuuliza.

"Nyange, wallahi sikuligusa jina la mama yako," Matano akasema.

Mkubwa wetu, Shehe Abrahman, akampigia simu fundi wa kompyuta aliyeko Unguja amtazamie. Baada ya saa moja fundi akatuma karatasi yenye matukio kumi na mawili, na kila moja lina jina la Matano. Shehe akaisoma, akavua miwani, akamwambia Matano aende nyumbani mpaka aitwe. Matano akachukua mfuko wake wa chakula, akatoka.

Mie sikuamini. Nimekaa na Matano meza kwa meza miaka minne. Ni mtu anayemsomea mzee fomu mara tatu ili asije akatia sahihi asichokielewa. Nikasema nitatazama mwenyewe.

Nikueleze kidogo, dada, ili uelewe kilichotokea. Kwenye mfumo wetu kila analofanya mtu hujiandika, na kila tukio lina sehemu zake zenye majina. Ipo sehemu ya saa, ipo ya kitendo, ipo ya pasipoti. Ipo sehemu ya mtumiaji, yaani yule aliyekaa kwenye kompyuta akafanya. Tena ipo ya msajili, yaani aliyemwandikisha haji mwanzo. Fundi aliandika maneno mawili matupu, Kazija na Matano, akaletewa kila tukio lenye maneno hayo, popote yalipo. Na Matano ndiye msajili wake! Jina lake limo katika kila tukio la bibi yule, hata akiligusa mtu mwengine. Ni kama kumkamata mtu kwa wizi kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye mlango wa nyumba iliyoibiwa.

Jumatatu asubuhi nikakaa kitako. Neno tupu sikuliandika. Nikataja sehemu na thamani yake: kitendo kiwe "futa", na mtumiaji awe "matano". Mfumo ukajibu kwamba hakuna tukio. Dada, nilitaka kuruka. Nikalitoa jina la Matano, nikaacha kitendo kiwe "futa", nikaongeza namba ya pasipoti mpya ya Bi Kazija. Likaja tukio moja tu. Alhamisi, 29 Juni, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Kitendo, futa. Msajili, matano. Mtumiaji, laila.

Nikalisoma jina langu kama linavyosomwa jina la mgeni.

Kwanza nikajidanganya kwamba mtu kakaa kwenye kompyuta yangu. Nikaandika tena, mtumiaji awe "laila", siku iwe ile ile. Yakaja matukio sitini, yamefuatana dakika kwa dakika, na yote nayakumbuka. Ilikuwa ile wiki ya Sikukuu. Nilikuwa nafuta majina yaliyoandikwa mara mbili. Bi Kazija alikuwa mara mbili, mara kwa pasipoti ya zamani, mara kwa mpya. Nikafuta moja bila kutazama tarehe ya pasipoti, na niliyoifuta ndiyo iliyokuwa nzima. Iliyobaki imekwisha muda, kwa hiyo huko Unguja wakaitupa.

Sasa nakwambia lile ambalo Mama halijui lote. Orodha ilikuwa inafungwa Jumanne adhuhuri. Jina lingeweza kurudishwa, lakini ilitakiwa idhini ya Shehe, na Shehe angeuliza. Ilikuwa Jumatatu saa tano. Nilikuwa na siku nzima mkononi. Nikaifunga kompyuta, nikasema kichwa kinaniuma, nikaja nyumbani.

Si kwamba nilikusudia kunyamaza. Kila saa nilijiambia saa ijayo. Lakini njiani nilipita dukani, nikasikia wanavyosimulia kwamba mke wa Matano, Mwanapili, kakataliwa kuuziwa mkate huko Konde walikopanga, na kila mtu anacheka. Nikamwona Mama katika nafasi ile. Jumanne nikafua nguo zilizokuwa safi. Nikafagia uwanja mara mbili. Adhuhuri ikaadhiniwa nikiwa nimeshika fagio, na nilijua kinachofungwa wakati ule, na miguu haikwenda.

Jumatano nikaenda kwa Shehe Abrahman kabla hajafungua madirisha. Nikamwonyesha. Akapiga simu Unguja mbele yangu, akasihi, akaita watu kwa majina ya baba zao. Orodha imefungwa. Akaweka simu.

"Umelijua hili lini?"

"Juzi, Shehe."

Shehe akainuka kufungua madirisha. "Juzi," akasema, basi.

Akaniachia jambo moja, kwamba nililotenda nikaliseme mwenyewe. Nikapanda gari ya abiria hadi Konde. Mwanapili ndiye aliyefungua mlango, akadhani nimeleta barua ya kufukuzwa mumewe, akabaki kaushika mlango kwa mikono miwili. Nikasema yote pale pale nimesimama, Matano akinisikiliza kutoka ndani.

"Mie nilijua sikufanya," Matano akasema. "Nilichokuwa sikijui ni nani. Nikadhani nikijua nitapumua."

"Na sasa?"

"Sasa namjua, na ni weye. Hata sijui niweke wapi hasira."

Mwanapili hakuwa na tabu hiyo. Aliniambia watoto wake hawatoki nje siku ya tano, na kwamba wakati nilipokuwa nafua nguo, yeye alikuwa anawaeleza kwamba baba yao si mwizi wa Makka.

Alasiri nikaenda kwa Bi Kazija. Alikuwa anachambua mchicha, Nyange kakaa kando yake. Nikamwambia kosa la Juni, nikamwambia na la Jumatatu, maana nilihisi nikisema moja tu nitakuwa nimefuta jina tena. Mkono wake ukasimama. Nyange alitaka kusema, yeye akamnyamazisha kwa kidole.

"La kwanza ni bahati mbaya," akasema. "Hilo la pili, mwanangu, umenipotezea mwaka, na mie miaka sina mingi. Nakusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini sitaki useme haikuwa kitu."

Dada, ningependelea anipige.

Ulidhani mambo yangetulia hapo? Wapi. Sasa mtaani wanasema chama cha Matano kimeninunua nimkingie kifua. Nimewapelekea mpaka karatasi yenye jina langu, wanaitazama, wananirudishia. Mmoja kaniambia kompyuta husema unachotaka iseme. Ningemwambia ndivyo, ukiiuliza vibaya, lakini alishageuka. Shehe kanitoa kwenye kazi ya orodha, napokea simu tu, na Matano karudi mezani kwake. Tunasalimiana. Hatujaweza zaidi ya hapo.

Lililobaki ni la Jumapili iliyopita. Bi Kazija alimwamuru Nyange akodi gari, akavaa baibui jipya na viatu vya mpira alivyonunuliwa kwa ajili ya kutembea Mina wakati wa hija, akaja kunigongea nimwonyeshe nyumba. Alikataa gari lipite barabara ya nyuma. Alitaka lipite mbele ya duka na mbele ya msikiti, kioo kikiwa chini, na kila aliyeuliza wapi alijibiwa, "Konde, kwa Matano."

Tulipofika, Nyange hakushuka. Mama yake akaenda taratibu mpaka mlangoni, akabisha hodi. Mwanapili akatoka, na nyuma yake Matano, hajafunga vifungo vya shati.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa maneno yaliyotoka nyumbani kwangu," Bi Kazija akasema. "Safari yangu ya mwaka huu ni hii."

Matano akajaribu kumzuia asiseme, akashindwa, akaficha uso kwa kiwiko. Mwanapili akaingia ndani akatoka na kiti, akakiweka kivulini, akamshika bibi mkono akamkalisha. Kisha akatazama gari barabarani.

"Na yule hana miguu?" akauliza.

Bi Kazija akaita, "Nyange!" kama alivyokuwa akituita chuoni. Akashuka.

Hiyo ndiyo habari yangu. Nimekuandikia si kwa ajili ya kuliwazwa. Ukiona katika barua hii mahali nimejipendelea, niambie.

Mama anakusalimu sana na anakukumbusha goti. Bi Kazija kasema nikufikishie salamu na anauliza kama bado unasoma Yasin Alhamisi. Nisalimie shemegi Zahran, na uwabusu Maher na Maisa kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu akuhifadhini ugenini, akuonyesheni nyumbani mkiwa wazima, na ampe Bi Kazija umri wa mwakani. Itikia amina hii kwa sauti, dada, popote utakapokuwa unasoma.

Mdogo wako akupendaye, asiyetulia,
Laila