Rwanda Inaingia Tabora

Kijijini Mamba, Jumatano

Bado naona aibu kwa nilivyomjibu asubuhi. Josiane, mke wa mwanangu, aliniuliza kwa nini shamba la mteremkoni nimeliacha likawa pori. Nikamwambia mvua ilibeba udongo, tangawizi yote ikaenda na maji. Nikaongeza kwa majivuno kwamba Tanzania ni kubwa, Rwanda kwao ingeingia yote mkoani Tabora na nafasi ikabaki.

"Ni kweli, mama," akasema. "Kwetu tunalima mlima mpaka juu kwa sababu hatuna pa kuhamia."

Tabora ni kubwa, lakini mimi nina kipande hiki tu.

Baada ya chai akachukua jembe, akaupanda mteremko peke yake. Nikamfuata. Tumechimba makinga maji matatu, mitaro ya kukata mteremko, na kingoni tumepanda majani ya ng'ombe yashike udongo. Sijui kama yatahimili masika. Naogopa.

Mwanangu alipomleta kutoka Kigali nililia kwa siri, nikidhani hatazoea kwetu. Leo alisimama pale, matope hadi magotini, akaniambia, "Mama, hapa nitapanda tangawizi yangu."

Yangu, alisema. Asante, Mungu.