Sola ya Kikundi Chetu cha Kilambo

Jumanne, 8 Aprili

Sambusa zimeisha mapema leo. Watu wengi wanavuka kwenda Msumbiji. Kila mmoja anauliza kitu cha baridi, na mimi nina soda za moto. Barafu ya kutoka Mtwara imefika nusu yake maji, na dereva anataka hela yake yote. Nimemlipa huku nimenuna.

Nimefunga kibanda mchana. Mafundi wa sola wamefika. Hatimaye! Tangu Bwana Elibariki, afisa wa mradi wa halmashauri, aje kutuhutubia hapa, ni kusubiri tu. Alisema tukinunua kwa kikundi bei inashuka, tunalipa kidogo kidogo kila mwezi, na halmashauri iko nyuma yetu. Tumejiunga kaya kumi. Kwa jina la halmashauri tu. Kampuni peke yake nisingeiamini.

Mafundi wana haraka ajabu. Paneli wameifunga upande wa mkorosho. Nikawaambia pale pana kivuli kuanzia alasiri. Mmoja akajibu waya wa kwenye boksi haufiki upande wa pili. Mabwana wakubwa wameagiza boksi za aina moja kwa nyumba zote, nyumba iwe kubwa, iwe kibanda cha kuku. Wakashuka, wakaenda kwa jirani. Hata maji hawakunywa.

Lakini friji walilokuja nalo linanguruma. Nimelifungua na kulifunga kama mtoto.

Alhamisi, 10 Aprili

Friji linazima alasiri. Jana hivyo, leo hivyo. Betri haijai. Samaki niliowachukua kwa wavuvi jana wameamka wananuka. Nimewatupa.

Nimepiga simu kwa kampuni. Binti mwenye sauti tamu. Nikamweleza kivuli, nikamweleza waya. Akasema waya wa kuongeza haumo kwenye mpango wa kikundi. Nikate mti.

Nikampigia Bwana Elibariki. Naye: "Mama, mti au umeme. Chagua kimoja." Kisha akacheka. Akacheka!

Jumapili, 13 Aprili

Nimeukata mkorosho.

Aliupanda baba mkwe. Kila msimu ulikuwa unatulipia ada ya Salma shuleni, na kinachobaki tunanunulia nguo. Wenye msumeno walimaliza kabla jua halijawa kali. Nilisimama pale pale hadi mwisho, kwa sababu niliona aibu kuingia ndani.

Jioni nikampigia Baba Salma bandarini Mtwara. Alikuwa kwenye zamu ya kupakia. Nikamwambia. Akasema, "Haya." Basi. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 3 Mei

Lazima niandike na mazuri. Friji linagandisha. Maji ya baridi, juisi ya ubuyu, soda. Leo dereva wa lori kanunua soda mbili akazinywa hapo hapo, moja baada ya nyingine, macho kafumba. Samaki nawaweka hadi wachuuzi wa mjini waje, sibembelezi tena bei. Barafu nauza mimi sasa.

Nimelipa rejesho la mwezi huu kabla ya siku yake. Najisikia mtu.

Jumatano, 14 Mei

Friji limekufa. Jua kali, paneli safi, kisanduku cha sola cha kwenye ukuta kinawaka taa nyekundu. Nikadhani kimeharibika. Nikatoka nje, nikakuta jirani yangu Mama Hawa naye katoka. Nyekundu. Nyumba ya Selemani, nyekundu. Kikundi kizima.

Selemani ndiye katibu wetu. Kapiga simu kwa kampuni mbele yetu, kaweka sauti kubwa tusikie wote. Binti yule yule. Kumbe namba za kufungulia visanduku baada ya malipo zinatumwa kwa kikundi, si kwa mtu. Akikosa mmoja, wanafungiwa wote. Na mmoja huyo ni Mzee Chilumba, hajalipa.

Mimi nimelipa! Nina ujumbe wa malipo kwenye simu. Nimefungiwa kama mwizi kwa deni la mtu mwingine. Na ndani mna samaki niliowawekea watu wawili.

Nimemchukia mzee yule leo. Naandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Nilikwenda kwa Mzee Chilumba tangu asubuhi. Nilisimama uani kwake nikapayuka. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mtu wa umri wa baba yake. Mkewe, Mama Rozi, alikuwa anafagia. Akaacha kufagia, akaniangalia.

Mzee akainuka. Akavaa kandambili, akasema, "Twende, mwanangu." Nikamfuata hadi shambani kwake mtoni, nikiwa bado nasema njiani.

Viboko wameingia kwenye mpunga. Si kona. Shamba zima. Mashina yamelala kwenye tope, nyayo kubwa zimejaa maji, na katikati wamepitisha barabara kama ya trekta. Mpunga ulikuwa umebakiza kidogo tu kuvunwa. Ndio uliokuwa rejesho lake, na chakula chake.

"Nilikwenda kuwaambia kampuni," akasema. "Wakaniambia nizungumze na kikundi. Nikaona haya."

Nikarudi nyumbani. Samaki wameoza wote. Nimewafukia nyuma ya choo.

Jumatatu, 19 Mei

Kikao cha kikundi nyumbani kwa Selemani. Kelele tupu.

Mama Hawa alilia, vifaranga wake wamekufa kwa kukosa taa. Mwingine akasema mzee anajifanya, eti viboko gani. Selemani akakohoa, akasema kampuni imemshauri kikundi kichukue mbuzi wa Mzee Chilumba, wauzwe, deni lilipwe. Kampuni imemshauri! Kumbe ndiyo kazi waliyotupa. Wao wamekaa ofisini na kiyoyozi, sisi tukamburure jirani.

Watu wakainuka kwenda kwa mzee. Nami nikainuka. Najua nilichokuwa nataka, nilitaka friji liwake.

Tulimkuta Mama Rozi uani ameshika kamba ya mbuzi mwenye mimba. Hakupiga kelele. Alisema, "Chukueni. Lakini kila mmoja ashike kamba kwa mkono wake, nimwone."

Hakuna aliyeshika. Selemani akaanza kuangalia simu. Tukatawanyika mmoja mmoja.

Nina hasira, na safari hii najua namkasirikia nani.

Jumatano, 21 Mei

Mtwara, halmashauri. Nimekaa kwenye benchi kutoka asubuhi hadi watu wanatoka kula. Bwana Elibariki ana meza mpya.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia habari ya kufungiwa wote. Akasema maana ya kikundi ni kubebana. Nikamuuliza nani amembeba Mzee Chilumba. Akasema mkataba ni kati yetu na kampuni, halmashauri ni mratibu tu. Mratibu! Siku ile Kilambo alisema serikali imesimama nyuma yetu. Leo ni mratibu.

Nikainuka niondoke. Akaniita. Akafunga mlango. Sauti ikawa ya kindugu.

Wiki ijayo anazindua awamu ya pili ya sola kijiji cha Kitaya. Anatafuta mama mmoja wa awamu ya kwanza, mwenye biashara, mwenye kujua kuongea, aje kutoa ushuhuda. "Mama Salma, wewe unafaa. Kuhusu kisanduku chako nitaongea na kampuni wakufungulie wewe kwanza. Hayo mengine yatafuata."

"Na Mzee Chilumba?"

"Tusichanganye mambo."

Nikasema nitakuja. Sijui nilimaanisha nini. Nimerudi nyumbani na kichwa kinauma.

Ijumaa, 23 Mei

Taa ya kijani. Peke yangu.

Friji linanguruma na mimi sina raha. Nimefunga dirisha wasione mwanga. Mama Hawa kapita asubuhi, kasimama kidogo uani, kasikia. Hakubisha hodi.

Kwa hiyo inawezekana! Kumfungulia mtu mmoja inawezekana, ni kitu cha kubonyeza tu. Walitufungia wote kwa kupenda.

Sikuweka kitu ndani ya friji leo. Hata maji.

Jumanne, 27 Mei

Nimetoka Kitaya. Naandika na kanga ya safari bado mwilini.

Walinitumia gari. Gari la halmashauri, mimi kiti cha mbele. Uwanja wa shule umejaa, kina mama wengi, wengine na watoto mgongoni. Turubai, spika kubwa, ngoma. Kampuni wameleta fulana za bure. Ile ile hotuba. Bei inashuka. Tuko nyuma yenu. Nilikuwa naijua kabla hajaitamka.

Kisha Bwana Elibariki akasema, sasa tumsikie mama mjasiriamali kutoka Kilambo, aliyebadilishwa maisha. Akanipa kipaza sauti.

Nilikuwa nimejiambia nitasema machache ya adabu. Mbele kabisa alikaa mama mmoja mzee, fulana ya kampuni keshaivaa juu ya gauni, anapiga makofi kabla sijasema neno. Nikamwona Mama Rozi ndani yake. Basi ikanitoka.

Nilisema: "Ni kweli nimebadilishwa maisha. Nilikuwa na mkorosho, sina. Nilikuwa na majirani, hatusalimiani. Friji ni zuri. Sola ni nzuri, sitawadanganya, jua ni la Mungu na linafanya kazi. Lakini hapa Kitaya nani amewahi kuingiliwa shambani na viboko?"

Watu wakacheka, mikono ikainuka mingi.

"Basi siku wakiingia kwa mmoja wenu, akakosa rejesho, mtafungiwa wote. Na mtaambiwa mkachukue mbuzi wake. Kisanduku changu kimefunguliwa ili nije niwasifie hawa. Wenzangu wako gizani mpaka sasa hivi. Waulizeni kampuni wenyewe. Wako hapa."

Bwana Elibariki alikuwa keshasimama. Akanyoosha mkono kwenye kipaza sauti akitabasamu, meno tu. Sikumpa. Nikamwuliza hapo hapo, mbele yao, "Akikosa kulipa mmoja, mnawafungia wote, hamwafungii?"

Akasema, "Mama, hilo ni suala la kiufundi."

Kelele iliyolipuka sitaisahau. Mwanaume mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Jibu ndiyo au hapana!" Wengine wakaitikia. Ndiyo au hapana! Yule mama mzee akavua fulana, akaikunja vizuri, akaiweka mezani mbele ya watu wa kampuni. Wakafuata wengine. Meza ikajaa fulana.

Hakuna aliyejiandikisha. Gari liliondoka bila mimi. Nimepanda bodaboda, vumbi hadi kwenye meno.

Sijutii. Naogopa, ila sijutii.

Jumatano, 28 Mei

Nyekundu. Asubuhi na mapema. Hawakungoja hata jua litoke vizuri.

Nimekaanga sambusa. Nimeuza soda za moto. Msafiri mmoja kaniuliza sola ya nini juu ya bati. Nikamwambia ya kuanikia nguo.

Ijumaa, 30 Mei

Nilidhani kikundi kitanisema. Selemani kanisema kweli: nimeharibu, kampuni sasa imekasirika, hatutafunguliwa kamwe. Nikamwambia aende akashike kamba ya mbuzi basi. Akaondoka.

Lakini jioni Mama Hawa kaja. Kaleta bakuli la uji wa mchele, kaliweka, kakaa. Kasema alidhani nimewauza. Nikamwambia ilibaki kidogo. Tukanywa uji.

Baba Salma kaja toka Mtwara. Kule bandarini wamesikia. Kaniuliza, "Ulimnyima kipaza sauti afisa?" Nikasema ndiyo. Kacheka peke yake uani, muda mrefu. Hajacheka tangu Aprili.

Jumatatu, 16 Juni

Visanduku vimefunguliwa. Si kwa huruma. Kitaya walikataa, na kijiji cha pili kikakataa kabla hawajafika. Diwani wetu akapiga kelele kwenye baraza, kwa sababu sasa ni jambo la kupigiwa makofi. Kampuni imetangaza kila kaya na namba yake. Bwana Elibariki yeye kahamishiwa idara nyingine. Meza yake kaenda nayo, wanasema.

Hakuna aliyetuomba radhi. Samaki wangu, vifaranga wa Mama Hawa, mkorosho. Hakuna. Ujumbe wa kwenye simu unasema, "Mteja mpendwa, tumeboresha huduma."

Mpendwa!

Jumatano, 25 Juni

Mafundi wamekuja kung'oa paneli ya Mzee Chilumba. Hawezi kulipa, na sasa anahesabiwa peke yake. Nilisimama uani kwake na Mama Hawa, tukawaangalia wakishusha. Mzee aliwashikia ngazi. Alikuwa na wasiwasi kijana asianguke.

Nilipiga kelele, tukashinda, na yeye ndiye aliyetoka mikono mitupu. Hilo siwezi kulipanga kichwani.

Jumamosi, 28 Juni

Baba Salma kanunua waya mjini. Mrefu. Kautoa kwenye betri yetu, kaupitisha juu ya ua, hadi jikoni kwa Mama Rozi. Taa moja. Betri inaiweza, tukilizima friji mapema kidogo.

Mzee Chilumba alitaka kujua atalipa nini. Baba Salma akamwambia ashike nguzo ya waya, imelala upande.

Magharibi nimemwona Mama Rozi anachambua maharage chini ya taa. Hakuinua kichwa. Nimefunga mlango wa nyuma, nimeingia kuswali.