Mzee wa Kwenye Kioo

Chumba cha nyuma, dukani kwa Baba,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

U hali gani huko kwenye baridi? Kifua kimepona? Wifi yangu hajambo, na yule mtundu wenu ameshaota meno ya mbele? Sisi tunapumua. Shangazi anasumbuliwa na goti, lakini ulimi wake u mzima, hilo unalijua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunituliza, na jambo lenyewe lingepotea.

Unaukumbuka mchezo wetu, mimi na Baba. Tangu nianze kufundisha fasihi, kila wiki ananiletea shairi aliloliandika nyuma ya karatasi za vipimo vya wateja: huku kiuno na mabega, huku beti. Nasahihisha kwa kalamu nyekundu kama ninavyowafanyia wanafunzi, naye anadai alama zake. Fundi cherehani mzima, ukimpa sita ananuna siku mbili.

Mwaka jana mashairi yake yalibadilika. Yakawa mazuri mno. Aliandika kwamba ukuta wa duka unamsogelea, nikaandika pembeni, "Tashihisi safi." Akarudia mshororo uleule mara nne katika ubeti mmoja, nikaandika, "Takriri, inatia mkazo." Akaleta jingine, eti ndani ya kioo cha kupimia nguo kuna mzee asiyemjua, hasemi, anamkodolea macho kutwa nzima. Hilo nililisoma hata darasani. Niliwaambia wanafunzi kwamba yule mzee ni ishara ya upweke wa mshairi tangu afiwe na mkewe, nao wakanakili. Nikampa Baba tisa, kichwa kikanivimba utadhani nimelitunga mimi.

Jumanne iliyopita nilipitia dukani baada ya vipindi. Kioo kilikuwa kimefunikwa shuka, tena limepigiliwa misumari kwa juu. Nikamuuliza Baba wateja wanajitazama wapi. Akanivuta mkono, akaninong'oneza nisimwamshe. Nilicheka, Kifungo. Nilidhani ananiigizia shairi lake. Nikalifunua shuka.

Tulisimama mbele ya kioo bega kwa bega. Alimtazama yule mzee, kisha akanitazama mimi mle ndani, muda mrefu.

"Leo kaja na mwanamke," akasema. "Wewe unamjua?"

Nililirudisha shuka, naye akanishukuru.

Nilipofika kwangu nilizitoa karatasi zote nikazisoma upya, bila kalamu. Ukuta ulikuwa unamsogelea kweli. Ule mshororo alikuwa amesahau kwamba ameshauandika. Mwaka mzima Baba alikuwa ananiambia anaumwa, na mimi nampa alama. Najichukia, mdogo wangu. Siku hizi hata vioo vya shuleni napita nimeinamisha uso, nikiogopa nitamkuta yule mwanamke humo.

Daktari anasema kumbukumbu zake zinaondoka, za karibuni zikitangulia, na zilizoondoka hazirudi. Nimehamia hapa dukani. Utasema dada anatia chuku kama kawaida yake. Safari hii sijaongeza hata neno. Ulisema utakuja mwisho wa mwaka mkataba ukiisha. Nakuomba usisubiri mwisho wa mwaka.

Kuna karatasi ya jana, naiweka humu ndani ya bahasha. Ni juu ya mtoto aliyemeza kifungo cha koti la mteja, akapewa jina hilohilo. Sasa ni mtu mzima, na kila alasiri anabisha mlango wa duka. Baba anaacha cherehani, anakwenda kufungua, hakuna mtu. Nimekaa naye tangu asubuhi na leo ameshainuka mara tatu. Mlango anauacha wazi kidogo kila anaporudi kuketi. Sikuandika kitu pembeni mwa karatasi hiyo.

Shangazi anakusalimu sana, na jirani yetu muuza vitambaa pia. Nisalimie wifi, na umbusu mtoto kwa ajili yangu na ya babu yake. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
niliyeiweka kalamu nyekundu chini.

Nimesahau jambo moja: ukifika, bisha alasiri. Akifungua, muwahi wewe kumwita Baba, kabla hajakuuliza wewe ni nani.