Mama Yake Kaltham

Ibra,
Machi 1982

Kaka yangu mpenzi Abdullatif,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nizwa, wewe, wifi Azza na watoto, na goti lako limepoa. Sisi huku afya tunayo, alhamdulillahi. Raha ndiyo iliyonipotea.

Unamkumbuka yule bibi wa Kimarekani wa karne iliyopita, ambaye mwalimu wetu wa skuli Unguja akitusomea vitabu vyake? Aliwaandikia watoto historia ya nchi yao mpaka uzeeni. Nami nikasema watoto wetu wapate yao. Nikaandika hadithi ya Kaltham, msichana wa Unguja zama za mababu, baba yake mtu wa hapa Ibra, mama yake suria, mjakazi wa bwana huyo, aliyeletwa kutoka Manyema, bara.

Ustadh Nadhir, anayewachagulia wachapaji vitabu vya watoto, alikuja nyumbani, akanywa kahawa, akaisifu. Kisha akaniambia nimfute yule suria, mama awe binti ammi wa bwana, Mwarabu wa ukoo mmoja naye. Nikamjibu kwamba watoto wa masuria walirithi na kutawala, nani asiyejua? Akasema, "Kujua wanajua, ukhti. Kusoma ndiyo hawataki." Mume wangu Marhun akamwongezea kahawa.

Hasira zilinishika, lakini nilijaribu. Miezi mizima naandika, nachana. Huyo binti ammi alikataa kuwa mtu. Nikifika pale anapombembeleza mtoto kwa wimbo wa kwao, kalamu inagoma. Na Nadhir kila akipita anauliza, "Bado?" kama aliyeagiza mkate.

Sasa nisikilize, kaka. Kaltham ni bibi yetu aliyetulea. Nimembadilisha jina tu. Mama alinieleza alipokuwa mgonjwa. Mama yake bibi ndiye huyo Mmanyema. Nyumbani wakimwita Zaafarani. Jina alilopewa kwao hakuna aliyemuuliza.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Nadhir nikaichukua kazi yangu, nikaipeleka kwa mchapaji mwengine Maskati. Ameikubali kama ilivyo, na ukurasa wa kwanza utasema kitabu ni cha Zaafarani, mama yake bibi yangu.

Najua binti yetu Rahila ameposwa, na wakwe wanachunguza nasaba. Sikuombi ruhusa. Nakuomba umwambie mwanao wewe mwenyewe, kabla hajakisoma.

Nisalimie wifi na watoto wote. Marhun anakusalimu kupitia kwa mtumishi, maana tangu nipeleke kitabu Maskati mimi na yeye hatusemeshani.

Nduguyo akupendaye,
Fakhriya