Mfuko Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya. Afadhali kuliko kubeba zege. Bustani ya umma kando ya mto – wanataka kupitisha njia ya baiskeli, lakini kwanza ijulikane kama itadhuru miti, ndege, maji. Mtaalamu ni mwanamke mnyamavu, buti mpaka magotini. Tumeshambatiza Mama Udongo. Vigingi kumi na vinne, kila kigingi shimo la mita moja, kila shimo mfuko mmoja wa udongo. Mimi nachimba, najaza, naandika namba. Namba nimepewa mimi kwa sababu wenzangu wananiita Mwalimu, eti kila jioni niko na daftari. Mwalimu aliyeishia darasa la sita!

Msimamizi tunamwita Chapuchapu. Hajui neno jingine.

Jumatano, 5 Machi

Shimo la tisa limenitoa jasho. Nusu mita chini udongo ukageuka mweusi, unateleza kama grisi. Harufu ya rangi ya mafuta – macho yakatoa machozi. Kisha koleo likalia ngaa! juu ya chuma. Kifuniko cha pipa, kimeoza. Nikamwita Chapuchapu. Akachungulia, akaziba pua. Takataka za watu wa zamani hizo, fukia, Ijumaa mifuko inaondoka.

Mama Udongo alikuwa upande wa pili anahesabu viota. Nikautazama ule uchafu. Nimpe mtu kitu kama kile? Kwetu mgeni hapewi unga wenye fukusi. Nikarudi shimo la nane, nikachota udongo mwekundu, mzuri, nikajaza mfuko wa tisa. Nikaufunga sawasawa. Nikaandika 9 yangu yenye mkia.

Mama Udongo alipopita akanisifu: mifuko yako misafi, Mwalimu. Nimetembea kifua mbele mpaka chumbani.

Jumapili, 9 Machi

Malengelenge viganjani. Si ya mpini, ya mpini nayajua. Haya yanawasha mpaka kwenye kiwiko. Kibuyu, mwenzangu wa chumbani, anasema nimeanza kuwa mtu wa ofisini, ngozi inakataa kazi.

Jumanne, 18 Machi

Majibu ya maabara yamerudi. Mama Udongo ametusomea kibandani: mifuko yote kumi na minne, safi. Makofi! Chapuchapu akanishika bega – jina langu limo kwenye orodha ya wajenzi, miezi minane. Miezi minane! Nikampigia mke wangu papo hapo. Kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Akasema kitindamimba wetu ameanza kutambaa, kila akigeuka anamkuta na mchanga mdomoni. Tukacheka. Mtoto huyo sijamwona ila kwa picha.

Baadaye nikaiona ramani ukutani. Penye kigingi cha tisa pana mwinuko. Utakatwa. Udongo wake utapelekwa kusawazisha uwanja wa watoto, karibu na bembea.

Nimeirudia ramani mara tatu. Labda nimesoma vibaya. Sikusoma vibaya.

Jumatano, 19 Machi

Nimemwuliza Mama Udongo, kama mtu anayepiga soga tu: hivi ile mifuko ilipimwa nini? Akafurahi kuulizwa, hata kalamu akaiweka chini. Ni kama damu hospitalini, Mwalimu. Tunatafuta sumu. Udongo mchafu ndio hasa tunaoutaka. Sasa ukipeleka damu ya jirani yangu, si atatibiwa jirani, mimi nife na ugonjwa wangu?

Akacheka peke yake.

Mdomo wangu ukafunguka. Nikasema asante.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Chapuchapu. Alikuwa anakula, hakuacha.

"Ndugu yangu, wewe mtu mzima. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Watoto watacheza juu yake, bosi."

"Wako wamo?"

Akafuta mikono. Mfuko ulijazwa na nani? Namba ni mwandiko wa nani? Yeye hakushika koleo. Na orodha ya wajenzi bado haijapigwa muhuri – hilo alilisema kwa upole kabisa, kama anaulizia hali ya nyumbani.

Nilipomsimulia Kibuyu, akanikemea. "Sasa yule mama ulimwuliza ya nini? Ulikuwa unashiba vizuri tu bila kujua!" Kisha akaniwekea kitandani dawa yake ya kupaka, akageukia ukuta.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimewatangulia wote bustanini. Kigingi cha tisa. Viganja nimevifunga vitambaa. Nusu mita tu – weusi ule ule, harufu ile ile. Mfuko mmoja. 9 yenye mkia.

Sasa niko chini ya turubai, mstari wa nyuma. Mkutano wa wakazi, ripoti inasomwa kabla ya kupitishwa. Naandikia gotini. Chapuchapu ameliona daftari, akatikisa kichwa kuniunga mkono – anadhani nanukuu ripoti.

Mfuko uko katikati ya miguu yangu. Nimeufunika kwa kofia.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni amesimama. Anauliza udongo wa uwanja wa watoto utatoka wapi. Mama Udongo anamjibu: pale juu, penye kigingi cha tisa, umepimwa, usiwe na shaka, hata wangu ningemleta acheze. Watu wanaguna, wameridhika. Yule mama anakaa, anamteremsha mtoto, anamwacha atambae kwenye nyasi.

Ningesema juzi, Mama Udongo asingeapa hivyo mbele za watu. Ameapa kwa mkono wangu.

Jua limepasha turubai. Kofia haizuii kitu. Mzee wa kiti cha mbele ameinua pua. Amekagua viatu vyake kwanza. Kisha vyangu.

"Kijana, nini kinanuka hapo?"

Vichwa vinageuka. Mama Udongo amekatisha kusoma. Chapuchapu ameshanyanyuka, anakuja, anasukuma viti.

Kofia nimeitoa. Ile 9 inatazama mbele, kwa Mama Udongo. Nafunga daftari, nasimama na mfuko.