Jina Langu Kwenye Daftari la Waliokana

Cheektowaga, karibu na Buffalo
Mwezi wa tano, 2015

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia, mama. Mgongo unasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule binti wa kanisa akuletee, ilifika mikononi mwako au ilishukia kwa wengine njiani? Sisi huku tu wazima, Mungu asifiwe. Baridi imeondoka juzi tu na tayari watu wanalalamikia joto. Mjukuu wako Neema amenipita urefu. Nikimwita kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, utadhani mimi ndiye mgeni wake.

Naomba kaka Lévi akusomee barua hii yote, asiruke mstari hata pale atakaponiona mjinga. Najua habari imekufikia. Ilitoka hapa ikaenda Louisville, kwenye kundi la simu la watu wetu wa milimani, ikaenda Columbus, ikavuka bahari mpaka Uvira, na kila ilipopita iliongezewa chumvi. Wamekuambia nimeuza wafu wetu. Wamekuambia nimeweka saini kwamba baba, Dieudonné na Espérance hawakuuawa. Mama, sikufanya hivyo. Lakini kosa nilifanya, na nataka ulisikie kutoka kwangu.

Nilikuambia zamani kuhusu Bibi Araksi, ninayemtunza kwenye nyumba ya wazee. Yeye ni Mwarmenia. Watu wake waliuawa miaka mia iliyopita kule Uturuki, wakati wa ile vita kubwa ya kwanza. Wanaume walichinjwa, wanawake na watoto wakaswagwa jangwani mpaka wakaisha. Mama yake alikuwa msichana wa miaka kumi, akabaki peke yake katika ukoo mzima. Aliponisimulia nilikuwa namkata kucha, nikaweka mkasi chini. Nikamsimulia ya kwetu, ile asubuhi kanisani, na jinsi ulivyowafunika wanao kwa shuka za kitanda chako mwenyewe. Tangu siku hiyo hakutaka mtu mwingine amwogeshe.

Kinachomuuma bibi si vifo peke yake. Ni kwamba mpaka leo kuna serikali nzima, na watu wengi nyuma yake, wanaosema hayakuwa mauaji ya kimbari, ilikuwa vita, watu walikufa pande zote. Mama, ni maneno yale yale! Ndiyo aliyotuambia yule mkubwa wa serikali alipokuja kutupa pole, viatu vyake visafi. Mimi nilifikiri ni maneno ya Kongo. Kumbe yamesafiri kuliko sisi.

Sasa sikiliza nilivyojiingiza. Watu wa Bibi Araksi waliuomba mji mmoja mdogo hapa jirani uweke jiwe la ukumbusho bustanini, liandikwe neno lenyewe, mauaji ya kimbari. Jumamosi moja watu walialikwa ukumbini kusikiliza. Miguu ya bibi imekataa, hakuweza kwenda. Nikamwambia nitakwenda mimi, maana kwetu mwenzako akiwa na msiba huwezi kukaa nyumbani ukasingizia kazi. Nilitoka zamu nikaenda na sare yangu hivyo hivyo.

Mlangoni palikuwa na meza mbili. Moja ilizungukwa na watu, sikuweza hata kuisogelea. Ya pili ilikuwa na kitambaa cheupe, maua, picha za wazee wa zamani, na daftari lililofunguliwa, kalamu juu yake. Nyuma yake kijana mtanashati wa suti nyeusi akaniinamishia kichwa. Wewe ungefikiri nini? Nilijua ni daftari la rambirambi. Nikaandika kama tunavyoandika matangani, jina langu, nyumbani kwetu, na wafu wangu watatu kwa majina yao, baba na ndugu wawili waliouawa, ili wenye msiba wajue aliyekuja naye amelia. Juu ya ukurasa palikuwa na Kiingereza kirefu. Kiingereza changu mimi ni cha kazi, cha kusikia kuliko kusoma: inua, geuza, osha, umekula? Sikusoma. Kijana akanishukuru sana, na mimi nikatoka nimeridhika na nafsi yangu.

Ilikuwa meza ya Waturuki waliokuwa wanalipinga lile jiwe. Picha zile zilikuwa za wazee wao waliokufa katika vita hiyo hiyo, na daftari lilisema jiwe lisiwekwe, mambo hayo waachiwe wanahistoria.

Jumanne halmashauri ya mji ikakutana. Kijana wangu wa suti akasimama na daftari. Akasema, hata huyu mama wa Kongo, aliyepoteza baba na ndugu wawili, anayejua mauaji ya kimbari ni nini, amesaini pamoja nasi. Kisha akasoma jina la baba. Mama, hakuna ofisi hata moja ya nchi yake iliyowahi kulitaja jina la baba. Mara ya kwanza kutajwa mbele ya serikali, likatumika kuwakana wafu wa mtu mwingine. Hayo yote niliyaona kwenye video ya kikao.

Aliyenionyesha ni mtoto wa bibi, mwanamume wa miaka sitini. Hakupiga kelele. Aliniambia tu nisiingie tena chumbani kwa mama yake. Nikahamishiwa ghorofa ya juu. Nilipopita mlangoni kwa bibi, aligeukia ukuta.

Baba mdogo naye akanipigia kutoka Whitehall, kule Columbus. Yeye ndiye mkubwa wa chama chetu cha watu wa milimani huku, na ukali wake unaujua.

"Weye mutoto, njo nini hii? Ulisaini kweli?"

"Baba mudogo, nilizani ni cahier ya condoléances, ya kuandika pole."

"Donc mutu anakupa kalamu, weye unaandika tu? Na jina ya kaka yangu unaitia mule? Bon. Batu ba Louisville banasema bakufukuze mu chama."

"Banifukuze. Lakini mbele ya kunifukuza banisikilize."

"Mimi sina ya kusikiliza. Enda ufute ile jina!"

Nikaenda kufuta. Karani akanieleza, kwa upole wa kuchosha, kwamba daftari likishapokelewa haliguswi. Nikitaka, nije kikao kijacho niseme kwa dakika tatu. Neema alikataa kunitafsiria, akasema kwa Kiingereza chake kwamba aibu hii ni yangu. Siku ilipofika alikuja hata hivyo, amevaa gauni la kanisani.

Nikasema. Nikasema sikujua nilichokisaini, na kwamba niliandika kwa kulia, si kwa kukana. Nikasema aliyeuawa anajua ameuawa, hahitaji kuachiwa mwanahistoria. Ndipo mzee mmoja wa halmashauri, mpole, mwenye miwani, akaniuliza kama nina karatasi yoyote inayoonyesha baba aliuawa na nani, na kwa nini. Maana anasikia huko Kongo nako ilikuwa vita, pande nyingi.

Neema hakulitafsiri swali lile. Nikamwambia atafsiri.

"Mama, sitaki," akasema. Kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimeshaelewa. Mimi sina karatasi, mama. Nina kovu la begani, na huwezi kuvua blauzi mbele ya halmashauri. Nikasema hapana, sina. Akanishukuru. Kisha wakakubaliana jiwe liwekwe, liandikwe: "Kwa wote walioteseka vitani." Hata aliyeua ataweza kuliwekea maua. Jina langu limebaki daftarini, na maneno yangu yamebandikwa nyuma yake.

Wiki iliyofuata Bibi Araksi aliniita, mtoto wake akiwa hayupo. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Alinipa kitana nimchane nywele. Nilipokuwa namchana akaniuliza, "Ni kweli hamna karatasi?" Nikasema ni kweli. Akasema, "Sisi tuna vitabu vya kujaza nyumba, tuna picha, na bado wanatuuliza. Ninyi watawafanya nini?"

Mama, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nina hasira nao, nina hasira na mimi, na nisamehe, nina hasira na wewe pia, uliyetukataza kuongea ili tupate kuishi. Lévi anunue daftari. Umwite mchungaji, na mjane wa shemasi, aliyewaosha wafu wetu pamoja nawe, na jirani yetu mzee aliyejificha darini akaona yote. Kila mmoja aseme alichokiona kwa macho yake, Lévi aandike, watie vidole gumba, wewe utangulie. Muwaandike na waliofanya, hata yule mnayesalimiana naye sokoni. Utasema haina haja, kila mtu anajua. Tunaojua tunakwisha, mama.

Nisalimie shemeji na watoto wake, dada yako wa Fizi, na mama wote wa kwaya. Na huyo jirani yetu mzee mpe salamu za peke yake. Mwambie namwombea nguvu kila siku, na asithubutu kufa kabla hajatia kidole.

Mwanao aliyeandika bila kusoma,
Riziki